Mbio za Fundi Asiyekalia Viti Vyake

Palikuwa na fundi wa makochi ambaye hakuna kiumbe aliyewahi kumwona amekalia kochi la mkono wake. Yeye alikalia ndoo. Akila, ndoo. Akipiga soga, ndoo. Wageni wakija walikaribishwa kwenye kochi la mteja lililokuwa likingoja kuchukuliwa, naye akavuta ndoo yake tupu ya rangi, akaipindua, akawatazama kutoka chini kama mwombaji. Mkewe aliiona tabia hiyo kuwa unyenyekevu, akawatambia mashoga zake kwamba mumewe hana makuu. Penzi lina macho mabovu kuliko uzee.

Ukweli ni kwamba fundi alijua kilichomo.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ukumbi, na ukumbi ndio ulikuwa karakana. Mke alikaa na cherehani mlangoni penye mwanga, akikata na kushona vitambaa. Mume alifunga mikanda na springi kwenye fremu, kisha akakokota kila kitu nyuma ya pazia kwenda kujaza. Nyuma ya pazia haingii mtu. Alitoka huko na kochi limeshafungwa kwa ile sindano iliyopinda kama ukucha wa mwewe, limevimba mashavu kama mtoto aliyerudi kutoka kwa bibi yake. Mkewe alipouliza siku za mwanzo, alijibiwa kwamba ndani ya kochi ni kama ndani ya sufuria ya mpishi: kula, usiulize. Hakuuliza tena. Alikuwa na mishono yake ya kuangalia, na mishono yake ilikuwa minyoofu kama swala ya mcha Mungu.

Wateja walilipia sponji. Walichopewa ni maboksi yaliyokunjwa, magunia, matambara na majani makavu, na juu yake tabaka la sponji jembamba la kudanganyia kidole. Miezi ya kwanza kochi lilikuwa raha. Baadaye lilianza kushuka, likashuka, mpaka mtu akikaa magoti yanamfika kidevuni. Lakini mteja akija kulalamika angemkuta nani? Fundi alishahama mitaa kadhaa na kubadili namba ya simu kila mara, na mkewe aliambiwa kwamba wanafuata mwanga mzuri wa kushonea. Pesa ya sponji ilikwenda kinyozini, kwenye soda za watu wengi, ili watu wengi wamwite bosi. Nyingine ilinunua simu pana kama sinia. Mtu huyo hakuwa mlevi wala mzinzi. Alikuwa na njaa ya sifa, na njaa hiyo haina kushiba.

Mwaka mmoja kheri ikabisha hodi mlangoni. Matroni wa zahanati mpya, mwanamke wa maneno machache anayekagua magodoro kwa kiwiko, alitaka viti vya ukumbi wa kungojea. Angetoa kazi yote kwa fundi mmoja, lakini kwanza aletewe kiti kimoja cha mfano, na ndani yake iwe ile sponji ngumu ya rangi ya waridi isiyolala hata ikikaliwa na ng'ombe. Kazi hiyo ingemrudisha chuoni binti yao, ambaye alisoma uuguzi mwaka mmoja, ada ikakata, akarudi nyumbani na jina la utani la Sista na sare aliyoitundika msumarini. Kila alipopita, mama yake aliipangusa vumbi.

Safari hii mke hakumwachia mumewe kununua. Aliuza kabati la nguo, nguo zikahamia misumarini, akaenda mwenyewe dukani akarudi na sponji ya waridi ameikumbatia kama mtoto mchanga. Alimkabidhi mumewe mbele ya binti.

"Hii ni Sista," alisema. "Usiiguse ovyo."

Fundi akaipokea kwa mikono miwili na kuingia nayo nyuma ya pazia.

Shetani wa fundi alikuwa anakaa kinyozini. Siku moja kinyozi alimwonyesha kwenye simu habari za mtu wa mbali aliyekimbia kuuzunguka mji wake mzima, mtaa kwa mtaa, na njia aliyopita ikajichora kwenye ramani. Watu maelfu kwa maelfu wamempongeza. Fundi aliitazama picha ile mpaka chozi likamlengalenga. Mtu mwenyewe alikuwa na miguu myembamba kuliko ya meza, fundi akasema, kumbe kinachotakiwa ni moyo tu. Waliokuwa wakinywa soda zake walikubali kwamba moyo anao. Kitambi pia alikuwa nacho, lakini hakuna aliyekitaja, maana soda zilikuwa hazijaisha.

Alirudi nyumbani amekwishaamua. Angekimbia kuuzunguka mji aliozaliwa, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, naye asingekimbia hovyo kama mwehu. Angepita mbele ya kila nyumba yenye kochi lake, ili mji uone ukubwa wa kazi ya mikono yake.

Hapo msomaji atasema fundi alikuwa mjinga. La. Mjinga hasahau, hajui tu. Huyu alijua kila boksi aliloliingiza katika kila mto, ila sifa zilipomfika kichwani zilikuta nafasi kubwa, zikatandika mkeka, na kumbukumbu ikaambiwa ikalale nje.

"Jumamosi Matroni anakuja," mkewe alimkumbusha.

"Anakuja alasiri. Mimi natoka asubuhi. Akifika nitakuwa nimeshaoga, nanukia."

"Kwani unakimbilia nini, baba Sista?"

"Jina."

"Jina unalo. Nimekushonea mpaka kwenye aproni."

Fundi akacheka kwa huruma, kama wanavyocheka watu wakubwa wakisikia maneno ya watu wadogo. Akamwomba amshonee fulana yenye maandishi mgongoni: FUNDI WA MJI. Mke aliishona, kwa mishono minyoofu, akiuma uzi kwa meno na kumeza maneno.

Jirani yao, seremala aliyeitwa Randa kwa jinsi alivyopenda kumparua kila mtu, alipita akamkuta fundi ananyoosha miguu ukutani. Akamwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Fundi akajibu kwamba hizi ni za lami.

"Basi zitaishia mtaroni," alisema Randa, akaendelea na safari yake.

Ratiba aliiandika Sista kwa kuambiwa na baba yake, ikawekwa kwenye kundi la simu la wakazi: saa fulani mtaa wa mwoka mikate, saa fulani kwa mwalimu mstaafu, kisha ghorofa la posta, kisha soko la ndizi, na mwisho kwa mama mkwe, upande wa pili wa mji, ambaye alipewa kiti cha nyonga yake mbovu kama zawadi ya mkwe kwa mkwe. Fundi akaagiza pia simu yake iunganishwe na kundi, ili nukta yake ionekane ikitembea kwenye ramani na asiwepo wa kusema amedanganya.

Majibu yalimiminika. Mmoja aliandika kwamba wanamsubiri kwa hamu. Mwingine alimsihi asipite bila kuingia ndani. Mwingine alimshukuru Mungu kwa herufi kubwa. Fundi alisoma kwa sauti, mkono kifuani.

"Baba," alisema Sista, "huyu anasema amekutafuta mwaka wa tatu sasa."

"Mashabiki wana subira, mwanangu."

Kilichobaki kilikuwa viatu. Alikuwa amenunua raba za mtumba, nyayo zake nyembamba kama ahadi ya mgombea, na majaribio ya jioni mbili tatu yalimrudisha nyumbani anachechemea, visigino vinawaka. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto na kumwomba aache. Fundi hakuweza kuacha, mashabiki walikuwa wanangoja. Siku moja aliingia nyuma ya pazia kukijaza kiti cha Matroni. Akaibonyeza ile sponji ya waridi kwa kidole gumba. Ikamrudishia kidole. Akaibonyeza kwa kisigino.

Alijiambia atakata pembeni tu, mahali pasipokaliwa. Akakata kisigino cha kulia, na cha kushoto kikaona wivu. Visigino vilipopona, vidole navyo vikadai haki. Kisha raba zilikuwa kubwa kidogo, zikahitaji kujazwa ubavuni. Alipomaliza alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga mawingu, na katikati ya kiti palikuwa na shimo la kutosha paka kuzalia. Akalijaza kwa ustadi wake wote: boksi la sabuni, gunia, suruali kuukuu. Akafunga kwa sindano yake iliyopinda. Kiti kikavimba mashavu. Akakifunika shuka jeupe na kuwaonya wote wawili kwamba kisiguswe wala kisikaliwe mpaka yeye mwenyewe arudi kukifunua mbele ya Matroni.

Mkewe alilala usingizi mzuri siku hiyo. Hilo ndilo linaloudhi zaidi katika habari hii yote.

Jumamosi asubuhi watu walijaa nje kumuaga. Kinyozi alipiga picha. Fundi aliinua mikono, akageuka ili mgongo usomeke, akaondoka kwa mwendo wa bata aliyeona maji.

Mtaa wa kwanza ulikwenda vizuri. Watoto wa shule walimshangilia, maana watoto hushangilia hata gari la takataka. Kwenye kona alimkuta mwoka mikate amesimama mlangoni pake, unga mpaka kwenye nyusi, mto wa kochi kwapani. Fundi alidhani anataka saini. Akampungia na kumwambia kwamba saini atampa akirudi.

"Sina shida na saini, fundi. Njoo utie mkono humu."

Mto ulikuwa umefumuliwa upande mmoja. Kutoka ndani boksi la sabuni lilichungulia, picha ya povu bado inang'aa. Mwoka mikate alieleza, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mkewe amekalia sabuni miaka miwili na hajatakata.

Fundi akasema wataongea. Akaongeza mwendo. Mwoka mikate, ambaye huamka kabla ya jogoo na kubeba magunia ya unga toka ujana wake, akafunga mlango, akauweka mto begani, akamfuata bila hata kuhema.

Kwa mwalimu mstaafu walikuwa wawili: mwalimu na mgongo wake. Mgongo ulikuwa umepinda kwa kochi la fundi, na mwalimu hakutaka kusimulia, alitaka tu fundi asimame amwangalie. Fundi hakusimama. Mwalimu akamwita kwa sauti ile ya darasani ambayo miguu ya mtu mzima huitii kabla kichwa hakijafikiri, na fundi kweli akasita, mwoka mikate akamkaribia mpaka fulana ikapata alama ya vidole vya unga. Ndipo fundi alipoanza kukimbia.

Kabla ya hapo alikuwa anatembea kwa madaha. Sasa alikimbia. Na kadiri alivyokimbia ndivyo walivyomshangilia wasiojua, wakisema tazama mwanamume, tazama na mashabiki wanavyomfuata, kila mmoja amekuja na mto wa kupumzikia. Penye ghorofa la posta, mjane wa juu kabisa hakujisumbua na ngazi; aliutupa mto kutoka roshani, ukapasukia kwenye lami mbele ya fundi, majani makavu yakatapakaa, na mbuzi wawili waliokuwa wakipita na shughuli zao wakajiunga na msafara. Mgombea mmoja wa uchaguzi, aliyeona kundi la watu lisilo na mwenyewe, aliingia mbele akakimbia hatua chache akitabasamu kwa wapiga picha. Alitoka amebebeshwa mto uliolowa jasho na malalamiko matatu, akaahidi kuyafanyia kazi.

Hivi mtu kwa nini asikate kona na kupotelea vichochoroni? Fundi alikata. Lakini kila alipotokea aliwakuta wamefika kabla yake, wanapoza mioyo chini ya ukuta, simu mkononi. Nukta yake ilikuwa inatembea kwenye ramani kama alivyoagiza mwenyewe. Angeitupa simu angepona, lakini ilikuwa ghali kuliko aibu.

Karibu na soko la ndizi bomba lilikuwa limepasuka na barabara imekuwa ziwa. Fundi hakuwa na njia nyingine, akapita katikati. Sasa sponji, hata iwe ngumu namna gani, kazi iliyoumbiwa ni kunywa. Ilikunywa. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba lile dimbwi lilikauka, na kwamba fundi alitoka ng'ambo ya pili na raba zenye uzito wa matikiti, kila hatua inakoroma na kurusha maji kando mpaka vibanda vya wachuuzi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Wahenga hawakuiona ile ratiba.

Mwisho wa ratiba ulikuwa nyumba ya mama mkwe. Bibi huyo alikuwa ametoa kiti chake nje, amekaa, amevaa nguo nzuri, anamngoja mkwewe apite. Fundi akachungulia kutoka kona. Akaona bibi, akaona kiti kilivyozama, akageuza njia na kushika ya nyumbani. Bibi alimwona mgongo tu, na maandishi yake.

Msafara ulipofika, mwoka mikate alimwamkia kwa heshima na kumuuliza, shikamoo mama, na wewe alikujazia nini. Bibi aliwauliza wanakwenda wapi. Wakamwambia. Akaomba aitiwe mwenye mkokoteni.

Nyumbani Matroni alikuwa amefika mapema, kama wafanyavyo watu wanaopenda kuona vitu kabla havijapambwa. Alikaribishwa benchi la mbao, akanywa maji, akakitazama kiti kilichofunikwa shuka. Mke wa fundi alieleza kwamba wanamngoja mwenye kazi akifunue. Sista alishika simu, akamwonyesha Matroni nukta.

"Baba anaongeza mwendo," alisema kwa fahari. "Sasa hivi anakimbia kweli."

Matroni akauliza ni nani wanaomfuata, maana kundi la simu lilikuwa limejaa picha. Mke akasema ni wateja wake. Akaongeza, akiinamisha macho kidogo, kwamba wanampenda sana.

Fundi aliingia kama gunia lililotupwa. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo yake, akaipindua, akaikalia, na kwa kuwa miguu ilikuwa inawaka moto, akafanya kosa la mwisho la siku hiyo: akavua viatu.

Sponji ilitoka yenyewe. Ilikuwa imevimba kwa maji, ikachomoza kutoka raba ya kulia, kisha ya kushoto, ikaanguka sakafuni mbele ya cherehani kama ulimi. Waridi.

Mke aliitazama. Akatazama kiti. Akatazama sare iliyotundikwa msumarini. Ndipo miguu ya watu ilipoanza kusikika nje, na mwoka mikate akaomba radhi mlangoni, akaweka mto wake chini kwa adabu. Akafuata mwalimu. Wakafuata wengine, kila mmoja na mto wake, kila mto umefumuliwa mahali alipofunga fundi, wala si mahali alipofunga mke. Mishono ya mke ilikuwa yote mizima. Rundo likafika dirishani.

Mwisho mkokoteni ukasimama, na juu yake, amekaa kitini kama malkia aliyechoka na ufalme, alikuwa mama mkwe.

Mke wa fundi alitoka mpaka kwenye mkokoteni. Aliuliza kwa sauti iliyokuwa inaogopa jibu.

"Mama. Na chako?"

"Changu kina matambara, mwanangu. Mojawapo ni gauni lako la shule."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa kukikalia. Ukija nilikuwa natandika blanketi juu usione."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia, wewe ungekaa wapi?"

Mke alirudi ndani. Alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akaondoa shuka. Kiti kilikuwa kizuri. Hata Matroni, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikuwa ameanza kuinuka kukiendea.

"Baba Sista," alisema mke. "Nikipasue, au utasema mwenyewe?"

Fundi alizitazama raba zake. Akasema polepole kwamba kiti kizuri hivi si vyema kupasuliwa mbele ya mgeni. Na kwamba, ukifikiri vizuri, mgonjwa hakai muda mrefu.

Mke akakipasua. Alianzia kwenye mshono wake mwenyewe, ule mnyoofu, na kila aliyekuwepo aliona kwamba hilo ndilo lililomuuma. Boksi la sabuni likajitokeza, likafuatwa na gunia na suruali. Mke alivitoa kimoja kimoja na kuviweka miguuni pa Matroni, mpaka kiti kikabaki ngozi.

"Watu wanaokuja kwangu wanakuja tayari wanaumwa, mama," alisema Matroni. "Siwezi kuwakalisha kwenye maboksi."

"Hata mimi nisingewakalisha."

Matroni aliligusa rundo la mito kwa kiwiko, kwa mazoea tu. Akasema kazi ya zahanati inaweza kungoja kidogo, haiwezi kungoja sana. Akatoka. Kwenye mkokoteni akamwamkia bibi, wakaongea kwa sauti ya chini, na alipoondoka aligeuka kumwambia mke wa fundi neno moja.

"Nitarudi siku huyu mama atakaponiambia kiti chake kimepona."

Jumatatu pazia liliondolewa, likakatwa, likawa vitambaa vya kufutia. Simu pana iliuzwa. Haikutosha. Mke akatoa godoro lao la ndoa nje, akalipima kwa macho, akalikata vipande vipande vya mito. Yeye akahamia kitandani kwa binti. Fundi alilala juu ya kilichopatikana kwa wingi nyumbani humo, yaani maboksi, na akaugundua mwenyewe, ubavu kwa ubavu, ule ustadi aliokuwa akiuuza.

Sasa alijaza mlangoni, penye mwanga, Sista amemsimamia, na hakuna mto uliofungwa kabla mke hajautia mkono. Kila ulipofungwa, fundi aliubeba kichwani kuupeleka kwa mwenyewe. Kwa miguu. Nauli haikuwepo, na mkewe alimkumbusha kwamba yeye ni mkimbiaji.

Alikimbia mji ule wote upya, nyumba kwa nyumba, kwa ratiba ile ile. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mtu mwenye mto kichwani hana mashabiki. Anaulizwa tu, kaka, mto bei gani? Watoto wa shule walimwita Godoro. Kinyozi, alipomwona anapita, alikumbuka kwamba amechemsha maji akaingia ndani. Mwoka mikate alimpa mkate wa jana bila kumtazama usoni. Fulana ilipauka kwa jua mpaka likabaki neno moja tu, FUNDI, nalo kwa shida. Randa aliliona akasema hata jua lina huruma, limemwachia cheo.

Mama mkwe alikataa kutangulizwa. Alisema amekikalia kiti hicho hivyo hivyo siku zote, hatakufa kwa kungoja. Chake kiwe cha mwisho. Kikawa cha mwisho. Fundi alifika kwake na mto kichwani, mkewe na Sista nyuma yake, akaupachika kitini, akaukung'uta, akarudi nyuma na kuanza kutafuta ndoo kwa macho.

"Kaa," alisema bibi.

"Ni chako, mama."

"Kaa wewe kwanza."

Alikaa kama mtu anayekalia yai. Kiti kilimpokea, kikambeba, hakikushuka. Usoni pake ikaonekana hali ya mtu anayekutana na kitu alichokuwa akisikia kwa wenzake tu. Bibi alimwacha pale muda wa kutosha, kisha akamtikisia kichwa ainuke, akakaa mwenyewe, akaegemeza ile nyonga, akafumba macho. Mke wa fundi alikuwa ameshika ukingo wa mlango. Sista alikuwa amezuia pumzi.

"Mpigie Matroni," bibi alimwambia mjukuu wake.

Sista akatoka nje na kasimu kake kadogo, mama yake akamfuata mbio, na hapo ndipo sauti ya mwanamke huyo iliposikika ikicheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

Fundi alibaki amesimama katikati ya chumba. Moyo ulimfurahi, na moyo wake ukifurahi hukumbuka kitu kimoja tu. Akapangusa jasho, akavuta fulana ikae sawa, akamuuliza mkwewe kwa adabu kama anaona vibaya wakiweka tangazo dogo kwenye lile kundi la wakazi, kwamba mbio zimekamilika na kila nyumba imefikiwa.

Bibi hakufumbua macho.

"Weka, baba," alisema. "Weka na ratiba."